Watoto wa Bibi Nakijwa

Hapo zamani, na simaanishi zile zamani za wanyama kusema, namaanisha zamani ya juzi tu ambayo baadhi ya shangazi zenu waliiona kwa macho yao, palikuwa na kijiji kimekaa ubavuni mwa mlima, kinaitwa Ikombo. Sogeeni basi. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikifika mwisho nitawauliza jambo, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Ikombo aliishi bibi mmoja, Bibi Nakijwa. Aliolewa, akakaa na mumewe kwa amani, wasipate mtoto. Mume akafa, naye akabaki na nyumba ya udongo, shamba la migomba na jembe. Lakini kazi alikuwa nayo. Kazi yake ilikuwa kukaa na wanaokufa.

Msishtuke. Pale Ikombo, mgonjwa akifika mahali ambapo dawa zimekataa na ndugu wamechoka kulia, watu walisema, "Mwiteni Bibi Nakijwa." Naye alikuja. Mvua ikinyesha alikuja, jua likichoma alikuja. Mgonjwa awe mzee wa kanisa alikuja, awe mlevi wa kuokotwa mtaroni alikuja. Alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, akaketi kando ya kitanda, akamshika mgonjwa mkono na kumwambia, "Haya, mimi nipo. Tutangoja pamoja." Hakuhubiri. Aliimba kwa sauti ya chini, akaomba maneno machache, akamlowesha midomo kwa pamba. Mtu akishafumba macho, yeye ndiye aliyemwosha.

Watu walimuuliza, "Bibi, huogopi?"

"Niogope nini? Ninampeleka mtu mpaka mlangoni, nasikia kule ndani wanampokea, basi narudi nyumbani kupika."

Na alikuwa na tabia ya kusema na Mungu kwa sauti, kama mtu anavyosema na jirani juu ya ua. Ukipita nyuma ya nyumba yake ungemsikia: "Bwana, hii mvua yako leo umeizidisha kidogo." Watoto walikuwa wanajificha kwenye migomba wamsikilize, wakicheka.

Basi miaka ikaenda. Magoti ya Bibi Nakijwa yakaanza kukataa vilima. Kwanza akaacha kwenda kwa wagonjwa wa kitongoji cha juu. Kisha akaacha wa kitongoji cha chini. Kisha Jumapili moja kengele ya kanisa ikalia, ikalia tena, na mahali pake kwenye benchi pakabaki patupu. Walipokwenda kumtazama walimkuta ameketi kitandani, amevaa kitenge chake cha kanisani, kilemba kichwani.

"Nimevaa," akasema, "lakini miguu haijaniitikia."

Kina mama wa kanisa wakakutana. Nani atamhudumia bibi? Huyu akasema ana mtoto mchanga. Yule akasema anakaa mbali. Mwingine akatazama chini, akachorachora mchanga kwa kidole cha mguu. Mwishowe macho yote yakamwendea Namsifu, kwa sababu ua wake ulipakana na ua wa bibi.

Namsifu hakutaka. Alikuwa na sababu yake. Mama yake mzazi, aliyekuja kuuguzwa kwake, alipokuwa anakata roho, Namsifu alianza kupiga mayowe, na Bibi Nakijwa akamgeukia mbele ya watu wote akamwambia, "Nyamaza wewe! Bado anasikia. Unataka aondoke na makelele yako masikioni?" Namsifu alinyamaza. Mama yake akaenda kwa utulivu. Lakini neno lile lilimkaa Namsifu kooni, na hakuwahi kulimeza.

"Kwa nini mimi?" akawauliza kina mama.

"Kwa sababu uko karibu."

"Kumbe kuwa karibu ni kosa."

Hata hivyo akaenda. Asubuhi akaja na uji, uso umekunjwa. Akamwinua bibi, akamwosha, akamgeuza, akafua mashuka, akaondoka. Kesho yake akaja na uji, uso umekunjwa. Akamwinua, akamwosha, akamgeuza, akafua, akaondoka. Kesho kutwa vilevile.

"Uji huu hauna sukari," bibi akasema.

"Sukari imekwisha."

"Jana pia ilikwisha."

"Na kesho itakwisha. Kunywa, Bibi, upoe tumbo."

Siku moja bibi akamtazama kwa muda, akamwambia, "Namsifu, wewe hunipendi."

"Sikupendi, Bibi. Inua mkono huu nikuoshe."

Bibi akainua mkono, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mungu akubariki. Wako wanaonipenda sana, na sijawaona tangu mavuno."

Msimu wa mvua ukapita, ukaja wa jua, ukarudi wa mvua, na Namsifu bado anakuja.

Sasa tupande kidogo. Upande wa juu wa nyumba ya bibi alikaa mtu anaitwa Zefania. Alikuwa fundi mwashi, mtu wa nguvu, na kwenye miamba alitembea kama mbuzi. Huyu ndiye aliyeng'oa miti ya mpaka akaipanda upya ndani ya shamba la bibi, na migomba mizuri yote ya upande ule ikawa yake. Wazee wa kanisa walimwita, hakwenda. Bibi mwenyewe, wakati ule angali anatembea, alipanda mpaka kwake.

"Zefania, baba, rudisha mpaka ulipokuwa."

Zefania akamjibu, "Kwani unamwachia nani shamba, Bibi? Una mtoto?"

Bibi aligeuka akateremka. Migomba haikumuuma, neno lile ndilo lililomuuma. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Zefania akipita, bibi anaangalia kule. Bibi akisikika anaomba, Zefania anapiga mluzi.

Mwaka mmoja masika yakapitiliza. Ikanyesha mpaka kuta zikaota ukungu, mpaka njia zikawa mito. Mchana mmoja, watu wamejikunyata jikoni, mlima ukanguruma. Waliotoka nje wakaona kule juu miti inatembea. Ardhi ilikuwa inashuka. Ikawa mbio. Kila mtu na alichokishika, wakakimbilia kanisani, maana kanisa lilijengwa juu ya mwamba. Namsifu siku hiyo alikuwa ameteremka mashineni kusaga mahindi, na njia ya kurudi ilikuwa imekatika. Alisimama ng'ambo ya maji akipiga kelele, "Bibi! Kuna bibi ndani!" Lakini nani angemsikia?

Zefania naye alikuwa anakimbia, mbuzi wake mbele, fimbo mkononi. Alipopita nyuma ya nyumba ya bibi akasikia sauti. Bibi hakuwa anaita msaada. Alikuwa anasema na Mungu wake.

"Bwana, kama ndiyo leo, sawa. Mimi niko tayari. Ila hao walioko njiani uwafikishe. Na huyo anayepita sasa na mbuzi, nadhani ni Zefania, mpitishe upesi, Bwana, udongo unakuja."

Zefania akasimama. Mbuzi wakaendelea. Akautazama mlima, akawatazama mbuzi, kisha akaupiga mlango teke.

"Nani?" bibi akauliza.

"Mimi, Zefania."

"Umekuja kuchukua na kitanda?"

"Bibi, nishike shingoni. Usiniachie."

Akambeba mgongoni, akatoka. Hawajafika mbali, nyumba ya udongo ikamezwa nyuma yao kama tonge. Gogo likaja na tope, likamgonga Zefania mguu, mfupa ukalia. Akaanguka kwa magoti, lakini hakumwangusha bibi. Akatambaa naye mgongoni, akatambaa, akatambaa, mpaka vijana waliokuwa kanisani wakamwona na kuteremka kuwapokea.

Wakamlaza Zefania kwenye benchi, anasaga meno kwa maumivu. Bibi Nakijwa akaomba asogezwe. Akamshika mkono, akamwambia kama alivyowaambia wengi, "Haya, mimi nipo. Tutangoja pamoja." Na yule mwanamume mwenye nguvu akalia kwa sauti, na watu hawakujua kama ni mguu au ni jambo jingine.

Mbuzi hawakuonekana tena. Mguu uliunga, lakini uliunga vibaya, na Zefania hakupanda tena jukwaa la kujengea maisha yake yote. Alijifunza kusuka vikapu, akiwa amekaa.

Na bibi? Nyumba hana. Wazee wa kanisa wakakuna vichwa. Namsifu akasimama katikati yao, matope mpaka magotini, akasema, "Haya, mleteni kwangu," kwa sauti ya mtu anayezungumzia gunia la viazi.

Hapo ndipo likatokea jambo ambalo Ikombo hawakulitegemea. Bibi Nakijwa aligeukia ukuta.

Aliacha kuimba. Aliacha kusema na Mungu. Aliacha kula, ila kijiko kimoja kimoja cha kulazimishwa. Mchungaji wa pale wakati ule alikuwa Mchungaji Anaeli, kijana aliyetoka chuoni karibuni, kola yake bado nyeupe kabisa. Akaja kumtembelea.

"Bibi, tuombe pamoja."

"Omba wewe, mwanangu. Mimi nimeishiwa maneno."

"Nini kinakusumbua, Bibi?"

Bibi akasema bila kugeuka, "Nyumba imekwenda, na mimi nimebaki. Mtu wa watu amekuwa kilema kwa sababu ya kikongwe. Namsifu anafua mashuka yangu mpaka vidole vimechubuka. Niliwaambia wagonjwa wote wale, mchungaji, kwamba Mungu ana kusudi na kila siku anayompa mtu. Niliwaambia nikiwa nimewashika mikono. Sasa zamu yangu imefika, nauliza: siku zangu hizi ni za nini? Naona Bwana amenisahau kituoni. Magari yote yamepita."

Mchungaji Anaeli akaomba kwa kifupi, akaondoka ameinamisha kichwa. Zefania alikuwa nje mlangoni, maana siku hizo alizoea kuja na magongo yake na vikapu vyake akakaa pale, bila kusema kwa nini. Ndani Namsifu anagomba:

"Bibi, kunywa uji! Leo nimetia sukari. Wewe si ulitaka sukari? Sasa ipo, unaangalia ukuta!"

Bibi hakunywa.

Asubuhi moja akatamka jina. "Eliapenda."

Namsifu hakumjua mtu huyo, alikuwa ameolewa pale baadaye. Zefania ndiye aliyemjua, akamweleza. Zamani mwanamke mmoja alifariki akijifungua, mkono wake ukiwa katika mkono wa Bibi Nakijwa. Kitoto kikabaki. Baba yake alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, haijulikani wapi. Bibi akakifunga kile kitoto mgongoni, akakinywesha maziwa ya ng'ombe, akakiita Eliapenda. Kikakua, kikamwita Mama. Kilipofikia umri wa kuanza shule, baba akarudi na mke mpya, akamchukua mwanawe. Bibi aliwasindikiza mpaka barabarani, akarudi, na siku mbili watu hawakumsikia akisema na Mungu. Kisha akaendelea na kazi.

Sasa Eliapenda alikuwa mtu mzima, fundi wa magari huko Tanga. Zefania akaulizia kwa ndugu wa Eliapenda, akapata namba ya simu, akampigia. "Mama yako anakutaja."

"Nitakuja," akajibu.

Krismasi ikaja, hakuja. Pasaka ikaja, hakuja. Kila akipigiwa anasema nitakuja, nitakuja. Bibi anazidi kupungua kama sabuni. Mwishowe Namsifu akamnyang'anya Zefania simu.

"Sikiliza wewe. Huyu mama hali chakula. Ukingoja uje kumzika, kwangu hutapata hata kiti cha kukalia." Akakata.

Wiki hiyo akaja. Lilikuwa jitu kubwa, ndevu zimeanza mvi, mikono ina weusi wa oili usiotoka kwa sabuni. Akasimama mlangoni hajui aweke wapi begi lake. Bibi ameelekea ukuta.

"Shikamoo, Mama."

Akaliweka begi sakafuni.

"Mama, ni mimi. Eliapenda."

Bibi Nakijwa akageuka, polepole, akajisukuma kwa kiwiko. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Akanyoosha mkono, akampapasa uso, akafika kwenye ndevu, akasita, akaendelea mpaka kwenye sikio.

"Umekula?" akauliza.

Lile jitu likapiga magoti sakafuni.

"Namsifu!" bibi akaita, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani. "Mwanangu hajala! Lete uji. Na mimi nipe kidogo, nile naye."

Namsifu akakimbilia jikoni, na huko jikoni, peke yake, akalia.

Eliapenda hakuondoka tena. Siku zile akamwambia bibi jambo lake. "Mama, mimi kanisani siendi siku hizi. Kuomba nimeacha. Niliogopa utaniuliza."

"Ndiyo maana hukuja?"

"Ndiyo maana. Na niliogopa kukuona umezeeka."

"Mjinga wewe," bibi akamwambia. "Mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kuomba. Haya, tuanze wote. Anza wewe, nimesahau tulipoishia."

"Nianze na nini?"

"Anza na uji. Mshukuru kwa uji."

Akashukuru kwa uji, kwa kigugumizi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Bibi akasema amina. Tangu siku hiyo ukipita nyuma ya ua wa Namsifu ungesikia tena, "Bwana, leo goti hili umelishikia nini?" Na watu wakaanza kuja. Wazee walioogopa kufa walikuja kukaa naye, na wagonjwa walioweza kutembea, nao akawashika mikono akiwa amelala. Kazi yake ilimrudia palepale kitandani.

Mchungaji Anaeli naye akaja, amefurahi, lakini ana jambo. Ikombo, lazima niwaambie, kulikuwa na desturi. Mtu akizikwa, mchungaji akishamaliza maneno yake, udongo wa kwanza hutupwa na mtoto wa marehemu. Mpaka mtoto atupe, hakuna anayegusa chepe. Asiye na mtoto hutupiwa na mzee wa kanisa tu, na watu huinamisha macho.

"Bibi," mchungaji akasema kwa upole, "siku ikifika, udongo wa kwanza atupe nani?"

Bibi akacheka. "Mtajua wenyewe. Mimi nitakuwa na shughuli nyingine."

Siku ikafika. Ilikuwa asubuhi, mawingu yamepasuka na jua limeingia mpaka kitandani. Bibi alikuwa amekunywa uji vijiko vichache. Namsifu amemwegemeza kifuani, Eliapenda ameketi sakafuni, Zefania yuko mlangoni. Pumzi zikaanza kuachana. Bibi akamwambia Eliapenda, "Usifumbe macho. Tazama. Si kitu cha kutisha." Zefania akaanza kulia kwa sauti, na Namsifu akamgeukia: "Nyamaza wewe. Bado anasikia."

Bibi Nakijwa alisikia, maana alitabasamu. Kisha akaenda.

Mazishi yalifanyika alasiri ya siku iliyofuata. Kijiji kizima kilikuja, na vijiji vya jirani, kwa sababu hapakuwa na nyumba ambayo bibi hakuwahi kumsindikiza mtu wake. Wakaimba, jeneza likateremshwa. Mchungaji Anaeli akasema maneno ya mwili kurudi udongoni na roho kumrudia aliyeitoa. Kisha akafunga kitabu, akangoja.

Watu wakaanza kuinamisha macho, maana walijua marehemu hakuzaa. Mzee wa kanisa akakohoa, akapiga hatua mbele. Lakini kabla hajafika, watu watatu walikuwa wamekwisha inama, kila mmoja kiganja kimejaa udongo. Wakatazamana.

Namsifu akasema kwanza. "Mwili ulioko humo ndani naujua mimi. Najua mgongo wake ulipochubuka, najua ubavu aliopenda kulalia. Mtoto ni nani kama si yule anayemwosha mama yake? Nitasema kweli mbele ya jeneza: nilianza bila kumpenda. Nilitumwa. Lakini nilikuja, na kesho yake nikaja, na hamkuja nyinyi. Mkiniuliza chuki yangu iliisha lini, sijui. Niliitafuta siku moja nikiwa nafua, sikuiona."

Kina mama wa kanisa wakaitikia, "Kweli! Kweli kabisa!"

Zefania akajiegemeza kwenye gongo. "Mimi nilimnyang'anya shamba. Na kuna jambo hamlijui, maana tulikuwa wawili tu: nilimwambia hana mtoto. Nilimwambia machoni. Kisha nikamsikia akiniombea, mlima unashuka, ananiombea mimi nipite salama. Kama nisingesimama siku ile, leo kusingekuwa na jeneza hapa. Namsifu asingekuwa na mtu wa kuosha. Wewe Eliapenda usingekuwa na mama wa kumkuta. Siku zote zile za mwisho zilipita kwenye mgongo huu. Nilimwuliza, una mtoto? Niacheni leo nilijibu mimi mwenyewe swali langu."

Mafundi wenzake wakapaza sauti, "Nani mwingine hapa ametoa mguu wake?"

Eliapenda alikuwa wa mwisho, na alisema kwa sauti ndogo mpaka watu wakasogea. "Mimi sina kazi ya kuwaonyesha. Sikumwosha. Sikumbeba. Niliitwa nikachelewa, na nilichelewa kwa woga. Lakini aliniita mwanangu kabla sijajua kusema, na nilipokuja mikono mitupu akaniita hivyohivyo. Nyinyi mmefanya kazi ya mtoto, na Mungu awalipe. Mimi sikufanya kitu. Mimi ni mwanawe tu."

Hapo wazee wakaguna, hasa wale ambao watoto wao wako miji ya mbali. Bibi mmoja akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema, "Mtoto akirudi, amerudi. Msimuulize saa."

Basi makelele yakazuka kuzunguka kaburi. Huyu anasema, "Ni Namsifu!" Yule anasema, "Ni Zefania!" Wengine, "Ni huyo aliyeitwa mwana kwa kinywa chake marehemu!" Mtu mmoja akasema watupe wote kwa pamoja yaishe, lakini mzee wa kanisa akakataa: hata watoto wa tumbo moja, wawe wengi namna gani, hutangulia mmoja.

Na katikati ya makelele yale Mchungaji Anaeli akajikuta anatabasamu, kisha anaona haya kutabasamu makaburini. Alikuwa amewazika wenye watoto wengi, na hao watoto wakasukumana kila mmoja arudi nyuma, kwa sababu anayetangulia ndiye atakayebaki kutunza nyumba ya marehemu. Leo anamzika tasa, na watu wanasukumana kuja mbele.

Akainua mkono. Watu wakanyamaza. Wale watatu wamesimama, udongo unawavujia vidoleni, wanamtazama.

Mkienda Ikombo leo mkawauliza kina mama, watawaambia mchungaji alimwita Namsifu. Mkiwauliza mafundi, watawaapia ni Zefania. Wazee watawaambia Eliapenda, na watalia wakisimulia. Mimi sikuwepo, wala sitawadanganya.

Lakini nyinyi mmewasikia wote watatu, kwa maneno yao wenyewe. Yuko aliyemtumikia kila siku, akaanza bila upendo. Yuko aliyemkosea, akamtolea mwili wake siku moja. Yuko ambaye hakufanya lolote, ila alipendwa. Mchungaji ameinua mkono, jeneza linangoja, na Bibi Nakijwa ana shughuli nyingine.

Haya, semeni. Je, nani alistahili kutangulia kama mtoto wake?